Je, neno "shule" lilimaanisha mapumziko?

Swali: Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa sekondari mkoani Morogoro ameandika: "Katika semina tuliambiwa kwamba neno shule asili yake ni Kigiriki, na kwamba maana yake ya kwanza ni mapumziko. Nilipowaeleza wanafunzi wangu walicheka sana. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, imekuwaje karibu lugha zote za Ulaya zikatumia neno hilohilo moja? Mwisho, ndugu zetu wa Zanzibar husema skuli. Ni nani aliye sahihi?"

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kucheka, lakini semina haikuwadanganya. Kosa lake ni dogo: imewapa fasiri isiyotosha. Neno lenyewe ni "skholē", na ukilifasiri kwa "mapumziko" unalipunguza uzito, kwa sababu mapumziko humhusu mtu aliyechoka, anayekusanya nguvu ili arudi kazini. Skholē haikuwa hivyo. Ulikuwa muda usiodaiwa na mtu yeyote, muda ambao mwenyewe ndiye aliyeamua autumie kwa jambo gani. Kiswahili kina neno linalolingana nalo karibu kabisa, nalo ni "nafasi", kwa ile maana tunayoikusudia tunaposema "leo sina nafasi, njoo kesho". Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Socrates anaulizwa kama anaisadiki hadithi ya upepo wa kaskazini uliomnyakua binti wa mfalme; anajibu kwamba kuchambua hadithi za namna hiyo kunahitaji mtu mwenye skholē, na yeye hana hata kidogo, kwa kuwa bado hajamaliza kujijua mwenyewe. Ukiweka hapo "hana nafasi", sentensi inakaa sawasawa; ukiweka "hana mapumziko", inapotea.

Wataalamu wa asili za maneno hulihusisha skholē na kitenzi "ekhein", chenye maana ya kuwa na kitu au kukishika. Kutokana na wazo la kushika likaja wazo la kujishika, yaani kusita na kuacha kwa muda jambo ulilokuwa ukilifanya, na kutokana na kusita huko ikaja ile nafasi inayobaki mikononi mwa mtu. Kuna jambo moja linalonifurahisha kila ninapolikumbuka: neno hilohilo, likitumiwa kama kielezi, mwanzoni lilimaanisha "kwa nafasi, taratibu", lakini baadaye likawa na maana ya "kwa shida" au "hata kidogo". Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea, maana hata kwetu mtu akikuambia "nitakuja nikipata nafasi", unajua kwamba haji.

Uzito wa neno hilo unaonekana pia katika kinyume chake. Wagiriki waliiita kazi au shughuli "askholia", kwa kuongeza kikanushi mwanzoni, yaani "hali ya kukosa nafasi". Kwao nafasi ndiyo iliyokuwa na jina lake yenyewe, na shughuli ikatajwa kwa kuikanusha. Warumi walifanya vivyo hivyo kwa Kilatini: nafasi ni "otium" na shughuli ni "negotium", yaani kutokuwa na otium. Kutokana na negotium hiyo Wahispania wamepata "negocio", biashara, na Waitalia wamepata "negozio", ambalo leo ni neno lao la kawaida la duka. Aristotle alikwenda mbali zaidi akaandika kwamba tunajishughulisha ili tupate nafasi, kama vile tunavyopigana vita ili tupate amani.

Hapa, hata hivyo, sharti nikutahadharishe, kwa sababu ndipo semina nyingi zinapoteleza. Watoto wa Athens ya zama hizo hawakwenda "skholē" asubuhi. Mahali walipofundishwa kusoma na kuandika paliitwa "didaskaleion", mahali pa mafundisho, na waliongozwa njiani na "paidagōgos", ambaye kwa kawaida alikuwa mtumwa wa nyumbani mwenye kazi ya kumshika mtoto mkono na kumchunga. Skholē ilikuwa ya watu wazima, tena wanaume huru wenye mali, waliopata nafasi hiyo kwa sababu watumwa na wanawake walikuwa wakifanya kazi mahali pao. Nadhani ni haki wanafunzi wako waelezwe hilo nalo, maana sifa ya neno hili haipaswi kuficha gharama yake.

Basi kutoka nafasi hadi jengo lenye madawati, neno lilipita hatua kwa hatua. Kwanza lilikuwa muda wenyewe. Kisha, kwa kuwa watu wale walipenda kuutumia muda huo kwa mazungumzo ya elimu, likawa jina la mazungumzo. Katika Theaetetus, Plato anawalinganisha wanafalsafa, wanaoweza kuifuata hoja popote iendapo kwa kuwa wana skholē, na wasemaji wa mahakamani, ambao saa ya maji inawakimbiza wamalize kabla tone la mwisho halijaanguka. Baadaye mazungumzo yakawa mhadhara wa mtu mmoja mbele ya wasikilizaji, wasikilizaji nao wakaitwa kwa jina la mhadhara wao, ndiyo maana hata leo tunazungumzia "shule" ya fikra fulani ingawa haina jengo wala kengele. Mahali palikuja mwisho kabisa.

Neno lilipoingia Kilatini katika umbo la "schola" lilikuwa katika ile hatua ya mhadhara. Cicero, mwaka 45 KK, alipoandika juu ya mazungumzo ya siku tano aliyoyafanya na rafiki zake katika nyumba yake ya Tusculum, aliyaita "scholae" kwa desturi ya Wagiriki, kwa namna ya mtu anayejua kwamba anatumia neno la wageni. Mtoto wa Kirumi aliyekuwa akijifunza herufi alikwenda "ludus", na ludus ni mchezo! Kwa hiyo wanafunzi wako wakicheka kwamba Wagiriki walikwenda kupumzika, waambie kwamba Warumi walikwenda kucheza, na kwamba jina hilohilo ludus lilitumika pia kwa kambi za kuwafundisha wapiganaji wa upanga wa viwanjani.

Kutoka hapo schola ilitangatanga kwa namna ambayo mtu asiyeifuatilia hawezi kuibahatisha. Katika bafu za Kirumi lilikuwa jina la sehemu ya kando ya hodhi ambapo watu walisimama kungoja zamu. Vyama vya mafundi viliuita hivyo ukumbi wao wa mikutano. Katika karne ya 4 vikosi vya askari wapanda farasi waliomlinda mfalme wa Dola ya Roma viliitwa "scholae", na hakuna aliyetarajia kukuta kitabu humo. Mjini Roma, karibu na kanisa la Mtakatifu Petro, Schola Saxonum ilikuwa mtaa na makao ya mahujaji waliotoka Uingereza. Huko Venice, Scuola Grande di San Rocco, ambako mchoraji Tintoretto alifanya kazi kati ya 1564 na 1588 akizijaza kuta na dari kwa picha, haikuwa shule hata siku moja. Ilikuwa nyumba ya udugu wa waumini uliosaidia maskini na wagonjwa. Wayahudi wa mji huohuo waliziita sinagogi zao "scola", na Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki wanaosema Kiyidi wanaliita sinagogi "shul" hadi leo, neno lililotokana na Kijerumani kilekile kilichotupa sisi shule. Msomaji wa Kiswahili halioni hilo kuwa geni, kwani nasi tuna "chuo", ambalo zamani lilikuwa na maana ya kitabu, likawa jina la mahali watoto wanapofundishwa Kurani, na sasa tunaliongezea "kikuu" tukapata chuo kikuu.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwa mwalimu wa lugha ndilo lenye faida kubwa zaidi. Watu wengi huona "school" ya Kiingereza, "Schule" ya Kijerumani, "école" ya Kifaransa, "escuela" ya Kihispania, "shkola" ya Kirusi na "scoil" ya Kiayalandi, wakasema: kumbe lugha hizi ni ndugu. Lugha hizo kweli zina undugu, lakini neno hili si ushahidi wake. Maneno ya urithi, yaliyotoka kwa bibi mmoja wa kale, huachana sana kwa sauti baada ya miaka elfu kadhaa: "pater" ya Kilatini kwa Kiingereza ni "father", na kwa Kiayalandi ni "athair", neno ambalo limekwisha kuipoteza p yote. Neno la shule halijaachana hivyo, kwa sababu halikurithiwa. Limeazimwa, na limeazimwa kutoka mlango mmoja, yaani Kilatini cha Kanisa. Mapadre na watawa walipokwenda kaskazini na magharibi walikwenda na kitabu, na palipokuwa na kitabu palihitajika watu wa kukisoma. Mwaka 789 mfalme Charlemagne alitoa amri kwamba katika monasteri na makao ya maaskofu pawepo shule za kuwafundisha wavulana kusoma, na neno lilisafiri pamoja na kitu chenyewe. Ushahidi bora ni kwamba Kihungaria, ambacho hakina undugu na Kilatini, kinasema "iskola", na Kibaski, ambacho hakina undugu na lugha yoyote inayojulikana, kinasema "eskola". Ni sawa na "kitabu" chetu, kinachosikika kwa Waturuki na kwa Wahindi pia: hakitufanyi kuwa watoto wa babu mmoja, bali kinaonyesha kwamba elimu ilitufikia sote kwa njia ya Kiarabu.

Angalia vilevile jinsi kila lugha ilivyohangaika na ile "sk" ya mwanzo, kwa sababu hapo utawafundisha wanafunzi fonolojia bila kulitaja jina lake. Wahispania na Wareno hawapendi neno lianze kwa s ikifuatwa na konsonanti, basi wametanguliza irabu: "escuela", "escola". Wafaransa nao walisema "escole", kisha s ikanyamaza na kuanguka, ikabaki "école". Ndiyo hadithi ileile ya "estado" ya Kihispania kuwa "état" kwa Kifaransa. Wawelisi walitanguliza irabu pia, wakapata "ysgol", na kwa kuwa neno la Kilatini la ngazi, "scala", lilipita katika mlango huohuo, leo kwa Kiwelisi shule na ngazi ni neno moja kwa sauti na kwa maandishi. Nimesikia watu wakitoa mawaidha marefu juu ya jambo hilo, kwamba elimu ni ngazi. Ni mawaidha mazuri, lakini chanzo chake ni ajali tu. Wafini hawakuongeza kitu, waliitupa s nzima wakabaki na "koulu". Wajerumani wa kale walisema "scuola", kisha katika lugha yao kila "sk" ikageuka "sh", wakapata "Schule". Waingereza nao waliigeuza sk yao katika maneno ya nyumbani, kama yale ya samaki na merikebu, lakini neno la shule, likiwa la wasomi waliokuwa wakikiona Kilatini kila siku, lilibaki na sk yake. Kwa tofauti hiyo ndogo tu ya Kijerumani na Kiingereza, leo sisi tuna "shule" huku na "skuli" kule.

Wapo waliokataa kuazima. Kilithuania husema "mokykla", kutokana na kitenzi chake cha kufundisha, na Kibulgaria husema "uchilishte", kwa mtindo huohuo. Waturuki waliliacha neno la Kiarabu "mektep" katika miaka ya 1930 wakaunda "okul", ambalo linajidai kutokana na kitenzi chao cha kusoma, "oku", lakini mtu yeyote mwenye masikio anaisikia "école" ya Kifaransa ikichungulia ndani yake.

Maana nazo hazikai mahali pamoja hata umbo likiwa moja. Mjerumani akisema "Hochschule", kwa neno moja moja ni "shule ya juu", anakusudia chuo cha ngazi ya chuo kikuu. Mmarekani akisema shule ya juu anakusudia sekondari. Wafasiri wasio waangalifu wamekwisha kuwapandisha na kuwashusha watu madaraja kwa sababu hiyo. Wadenmark wana kitu cha tatu, "folkehøjskole", chuo cha watu wazima kisicho na mitihani, kilichotokana na mawazo ya mchungaji Grundtvig. Cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo hilo lilienea Uswidi, na kutoka Uswidi likafika kwetu, kwani Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975 vilijengwa juu ya mfano huo kwa msaada wa Waswidi. Waliovipa jina walikuwa na busara: hawakufasiri neno kwa neno, maana "shule ya juu ya watu" isingemwambia mkulima wa Tanzania chochote.

Kuna mtego mmoja nitakaoutaja kwa kifupi. Katika Kiingereza na Kiholanzi, neno lenye umbo lilelile humaanisha pia kundi la samaki wanaoogelea pamoja. Hilo si skholē. Ni neno la Kijerumaniki la kale lenye maana ya kundi, na limekutana na shule njiani kwa bahati. Mtu akikuambia kwamba samaki huitwa hivyo kwa kuwa "wanafuatana kama wanafunzi", mpongeze kwa ubunifu wake na uendelee na safari.

Na wale wenye skholē, waliitwaje? Waliitwa "skholastikos", na wasidhani wanafunzi wako kwamba ni wao wa kwanza kuwacheka wasomi. Upo mkusanyiko wa vichekesho vya Kigiriki vya zama za mwisho za Dola ya Roma, Philogelos, ambamo skholastikos ndiye mjinga wa kila siku. Mmoja wao aliamua kumzoeza punda wake asile, basi akaacha kumpa chakula; punda alipokufa kwa njaa, msomi akalalamika kwamba amepata hasara kubwa, kwa kuwa mnyama amekufa wakati ndiyo kwanza amejifunza kutokula. Aliyelelewa kwa hadithi za Abunuwasi atamtambua ndugu yake.

Nimefika pwani yetu. Wareno walikuja mwishoni mwa karne ya 15 na wakatuachia meza, leso na gereza, lakini "escola" yao haikushika, na naona sababu haiko mbali: palikuwapo chuo na madrasa, na jina la kitu hicho halikuwa pengo lililohitaji kuzibwa. Wajerumani walipotawala Tanganyika, serikali yao ilifungua Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, shule isiyokuwa ya misheni wala ya Kurani, iliyofundisha kwa Kiswahili na kuandaa makarani na wasaidizi wa utawala. Hicho kilikuwa kitu kipya, na kwa maoni yangu ndiyo maana kilihitaji jina jipya: kukiita chuo au madrasa kungemfanya mzazi afikiri kwamba mtoto wake anakwenda kufundishwa dini. Maneno ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili ni machache mno, na shule ndilo kubwa kuliko yote; jingine ni hela, kutoka sarafu ya "Heller" iliyoingizwa mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Wajerumani waliondoka baada ya vita ya 1914 hadi 1918, Waingereza wakaja na neno lao, lakini bara ilikuwa imekwisha kuzoea. Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya utawala huohuo wa Kijerumani, nazo husema "ishuri" na "ishure". Waganda walikwenda njia nyingine, wakaunda "essomero", mahali pa kusomea, na katika Kiswahili cha Lubumbashi mtoto huenda "masomo".

Kabla sijamalizia, nikuongezee jambo la kuwapelekea wanafunzi. Shule si mgeni pekee kutoka Ugiriki aliyemo darasani mwako. Kalamu tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata kutoka "kalamos" ya Kigiriki, unyasi au utete wa kuandikia. Daftari limepita kwa Waajemi na Waarabu, na asili yake ni "diphthera", ngozi iliyotengenezwa. Karatasi ni "qirtas" ya Kiarabu, kutoka "khartēs". Hiyo khartēs ya mwisho ilitufikia mara tatu kwa njia tatu: kwa Waarabu ikawa karatasi, kwa Wareno, walioipata kwa Kilatini, ikawa karata tunazochezea, na kwa Waingereza ikawa kadi. Shule ilizunguka kaskazini kupitia Roma na Ujerumani; kalamu, daftari na karatasi zilipita mashariki; zikakutana juu ya dawati moja Morogoro.

Kuhusu Zanzibar, basi, jibu ni jepesi. Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890 na hazikutawaliwa na Mjerumani, kwa hiyo jina la shule za serikali lilichukuliwa kutoka Kiingereza, likaongezewa irabu ya mwisho kwa desturi ya Kiswahili, likawa skuli, na ndivyo linavyoandikwa hata leo katika mabango na nyaraka za huko. Maneno yote mawili ni Kiswahili, na yote mawili ni schola ileile. Skuli imeitunza sk ya Kilatini, na shule imechukua sh ya Wajerumani. Mwanafunzi wako aliyehamia kutoka Unguja akiandika "skuli" katika insha, usimkate alama.